Ushuru wa zimwi: kinachowavuta wachezaji mezani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha kuhusu watu wazima wanaokesha mezani wakicheza michezo ya njozi, wakijipa majina ya mashujaa, wezi na wachawi, na kupambana na majoka ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Mwandishi wenu hakuwakejeli, na kwa hilo namshukuru, lakini hitimisho lake kwamba watu hao wanakimbia maisha lilikuja upesi mno, kana kwamba lilikuwa limeshaandikwa kabla hajabisha hodi. Nimecheza michezo hii kwa miaka mingi, upande wa mchezaji na upande wa msimamizi. Nimewaona watu wakija na kubaki, nimewaona wengine wakija na wasirudi tena, na kwa baadhi ya hao wasiorudi kosa lilikuwa langu. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kile ambacho, kwa maoni yangu, huwavuta.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii, mchezo wenyewe huchezwa kwa maneno. Watu wanne au watano hukaa pamoja, kila mmoja akiwa na karatasi yenye jina la mhusika wake, nguvu zake, udhaifu wake na vitu alivyobeba. Mmoja tu kati yao hana mhusika wake mwenyewe, kwa sababu amekabidhiwa ulimwengu wote uliobaki. Huyo ndiye msimamizi. Yeye hueleza kilicho mbele ya macho ya wahusika, kisha huuliza swali ambalo ndilo linalousukuma mchezo mzima: “Mnafanya nini?” Wachezaji hujibu, na pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu hurushwa. Ubao si lazima, mshindi wa mwisho hayupo, na mchezo mmoja unaweza kuendelea wiki baada ya wiki kwa miaka. Aliyesoma fasihi simulizi atamtambua msimamizi mara moja kuwa ni fanani, ila fanani huyu ana tabu ambayo wenzake hawana: hadhira yake haiishii kuitikia “pakawa”, bali huinyakua hadithi katikati na kuipeleka inakotaka.

Anayetaka kujua kinachovuta watu kwenye mchezo huu na atazame kilichowavuta wachezaji wa kwanza kabisa, wakati ambapo joka hata moja lilikuwa halijaingia. Mizizi yake imo katika mazoezi ya kijeshi. Maofisa wa Prussia, kwa mchezo uliotolewa na Luteni Reisswitz mwaka 1824, walikuwa wakipigana juu ya ramani mbele ya mwamuzi aliyepokea amri za pande zote mbili na kuamua kilichotokea. Mwaka 1880 ofisa wa Marekani aitwaye Charles Totten alichapisha mchezo wa vita wa namna hiyo, ambamo mchezaji aliweza kujaribu jambo lolote, hata lisilotajwa katika kanuni, mradi mwamuzi alipime. Kitabu hicho kilimfikia David Wesely, kijana wa Minnesota, na mwaka 1969 akaandaa mchezo uliohusu mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, katika zama za Napoleon. Majeshi mawili yalitarajiwa kukutana hapo, lakini Wesely aliwagawia baadhi ya wachezaji nafasi za watu wa mjini: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu. Vita havikufika mjini. Wachezaji walianza kuvutana pembeni, kupanga njama na kudanganyana, wawili wakafikia hatua ya kuitana kwenye pambano la kulinda heshima, na mwamuzi akajikuta anazongwa na maswali ambayo hakuyatarajia. Wesely alitoka humo akiamini ameharibu. Wachezaji walitoka wakiuliza mchezo ujao ni lini.

Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, ambaye kuanzia 1971 aliuhamishia mtindo huo katika nchi ya njozi aliyoiita Blackmoor, yenye ngome na mapango chini yake. Arneson alimwonyesha Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 za kwanza. Tangu hapo watu wamekuwa wakilitaja joka kana kwamba ndilo chambo. Mimi nautazama mchezo ule wa Braunstein, ambao haukuwa na joka, wala upanga wa ajabu, wala mchawi, na naona kwamba samaki walikuwa wameshanasa.

Naomba sasa nieleze kikao kimoja, kwa kuwa jambo hili ni gumu kulielewa kwa maelezo ya jumla. Nilikuwa msimamizi. Wachezaji walikuwa wanne, na miongoni mwao alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ni ukaguzi wa hesabu, mtu mpole, ambaye katika vikao vitatu vya mwanzo alikuwa amesema maneno machache kuliko mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimewaandalia daraja, na chini ya daraja zimwi. Karatasi yangu ilieleza kila kitu kuhusu zimwi hilo: lina pointi 84 za uhai, linashambulia kwa meno na makucha, na vidonda vyake hujifunga vyenyewe isipokuwa vimechomwa kwa moto au tindikali. Zimwi likapanda juu, likaziba njia, likadai ushuru wa sarafu moja ya fedha kwa kila kichwa. Watatu wakaanza kupanga mapigano. Nilikuwa nikiisikia dadu ya mmoja wao ikigongana na pete ndani ya kiganja chake. Mkaguzi wa hesabu akainua kidole kama mtu aliye darasani, akasema: “Mimi nataka kuliuliza. Ushuru huu linampelekea nani?”

Sikuwa na jibu. Karatasi yangu haikuwa na mstari wowote kuhusu hilo, na kitabu cha kanuni, chenye mamia ya kurasa, hakikujali mazimwi yanapeleka wapi mapato yao. Nikaitazama meza, nao wakanitazama. Nikasema: “Zimwi linanyamaza. Linatazama miguu yake. Linasema, ‘Mama.’” Yule mwenzetu akauliza, kwa sauti ileile ya ofisini: “Na mama huwa anatoa risiti?” Wakacheka wote. Nikasema kwamba mama hajaja kuchukua fedha hizo kwa miaka 11, na kwamba nyuma ya nguzo ya daraja kuna magunia, mengine yameoza chini, na sarafu zimemwagika kwenye matope. Kicheko kikakatika. Aliyekuwa na dadu kiganjani akaiweka mezani polepole, na kwa miezi minne iliyofuata kundi lile halikufanya jambo jingine ila kumtafuta mama wa zimwi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakusema lolote kuhusu zimwi unalolijua wewe kuliko muumba wake alivyolijua.

Hiki ndicho ninachotaka mwandishi wenu akione. Swali la yule mwenzetu halikuwapo mahali popote kabla hajaliuliza, na jibu nalo halikuwapo kabla halijaulizwa. Ulimwengu uliulizwa ukajibu, na ukishajibu hauwezi tena kuwa ulivyokuwa dakika moja kabla. Mtazamaji wa filamu anaweza kumpigia kelele mhusika asifungue mlango, naye ataufungua; msomaji wa riwaya anaweza kumpenda mtu wa pembeni kuliko shujaa, na riwaya itaendelea kumfuata shujaa. Mchezo wa kompyuta una mengi ya kusifiwa, lakini milango yake ni ile tu ambayo mtengenezaji aliitengenezea bawaba, na zimwi lake, ukiliuliza habari za mama yake, litakutazama kwa macho ya kioo na kurudia bei. Siku hizi kuna programu zinazojibu maneno yoyote unayoziandikia, na nimezijaribu kwa mchezo huu. Zinajibu, tena upesi. Ila hakuna upande wa pili wa meza mtu anayeweka dadu chini polepole kwa sababu ya ulichosema, na kumbe hilo lilikuwa nusu ya utamu.

Nusu hiyo ya utamu ina gharama yake. Jibu likishatolewa linamfunga aliyelitoa. Nilikuwa nimesema miaka 11, basi wiki iliyofuata ilikuwa miaka 11, na mchezaji mmoja alikuwa ameandika kwenye ukingo wa karatasi yake hesabu ya watu waliovuka daraja kwa siku, mara siku za mwaka, mara 11, ili kujua mama huyo anadai kiasi gani. Msimamizi husahau, wachezaji hawasahau. Wanaitunza kauli yako kuliko unavyoitunza mwenyewe, na sijui mahali pengi ambapo neno la mtu wa kawaida hutunzwa kwa uaminifu wa namna hiyo.

Wapo wanaosema kwamba, kama mambo ndiyo haya, basi dadu hazina kazi, na watu wasimuliane tu. Siafikiani nao. Fanani anapoamua kila kitu peke yake, mafanikio yako yanakuwa hisani yake, na mchezaji mwerevu huanza kumsoma msimamizi badala ya kuusoma ulimwengu: anacheka vichekesho vyake, anamsifia, anambembeleza. Dadu haibembelezwi. Dadu ya pande 20 inatoa kila namba kwa nafasi ya asilimia 5, na haijui kwamba umekuwa na wiki mbaya. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, linamruhusu aliye katika hali nzuri kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na hapo nafasi ya kupata 20 inapanda hadi asilimia 9.75. Ni ongezeko dogo likiandikwa hivi, lakini mezani watu huhangaika robo saa nzima, wakitafuta vichaka vya kujificha, wakipanga nani aimbe na nani apande ukuta, ili tu wairushe ile dadu ya pili. Katika kanuni za mwanzo, nguvu za mhusika zilipatikana kwa kurusha dadu tatu za pande sita na kujumlisha. Mtu kupata 18 ilikuwa mara moja katika 216, ilhali 10 na 11 kwa pamoja zilichukua robo nzima ya matokeo. Kwa maneno mengine, mashujaa wengi wa zama hizo walikuwa watu wa wastani waliopewa panga, na waliozoea kucheza hivyo watakwambia kwamba hapo ndipo werevu wa mchezaji ulipohitajika.

Mwanazuoni wa Kifaransa Roger Caillois, mwaka 1958, aliigawa michezo yote ya binadamu katika mafungu manne: ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu. Akaongeza kwamba mafungu mengine hayaoani, na miongoni mwa yasiyooana alitaja bahati na uigaji: anayejikabidhi kwa bahati, alisema kwa ufupi, hana sababu ya kuvaa sura ya mwingine. Miaka 16 baadaye likatoka sanduku lililowaozesha wawili hao. Simlaumu Caillois, kwani hakuwa ameliona. Lakini ndoa hiyo inaeleza jambo: mchezaji anaposema kwa kinywa cha mhusika wake “naruka”, kisha akairusha dadu, ni mhusika anayeruka na ni mchezaji anayeshikilia pumzi, na kwa ule muda mfupi ambao dadu inazunguka, meza nzima haina mtu anayejua kitakachofuata, hata msimamizi. Hakuna fanani wa kawaida anayepata bahati ya kushangazwa na hadithi yake mwenyewe.

Nirudi kwenye hoja ya kukimbia. Ina ukweli wake, na nisingependa kuikana yote. Watu huja kwenye meza hizi wakiwa wamechoka, na wengi hawaombi zaidi ya saa nne ambazo simu haitaita. Lakini mwandishi wenu angekaa mpaka saa ya pili angeona wanachofanya wakishafika huko walikokimbilia. Wanahesabu mienge. Wanabishana kama kamba ya futi 50 imebebwa na mtu au na punda. Wanagawana nyara kwa kanuni walizozitunga wenyewe na kuziandika, na mmoja wao anachaguliwa kuwa mweka hazina. Yule mwenzetu mkaguzi hukagua vitabu vya watu siku tano za wiki, na siku ya sita hukaa mbele ya karatasi ya mhusika akijumlisha uzito wa mizigo ya kundi zima, kwa hiari yake, akitabasamu. Mtu huyu hajakimbia kazi. Alichokiacha mlangoni, kama alivyoniambia mwenyewe siku moja tukipanga viti, ni ile hali ya kufanya jambo sahihi mwaka mzima na kutoona limegeuza chochote.

Kuna jambo jingine ambalo hoja ya kukimbia haiwezi kulieleza. Mwanasosholojia Gary Alan Fine, aliyekaa na wachezaji wa Minneapolis na kuandika kuwahusu mwaka 1983, alionyesha kwamba mtu aliye mezani huishi katika tabaka tatu kwa wakati mmoja: ni mtu mwenye maisha yake, ni mchezaji anayejua kanuni, na ni mhusika anayejua yale tu yaliyo mbele ya macho yake. Tabaka hizi hazitakiwi kuchanganyika, na kuzitenga ni kazi. Nimemwona mchezaji mmoja akiwa amekaa palepale mezani wakati wenzake walipogundua kwamba mlango wa mashariki umetegwa mshale wenye sumu. Yeye mhusika wake alikuwa ghorofa ya chini. Baada ya muda mhusika huyo akapanda ngazi, akafika mbele ya mlango uleule, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumwonya. Mchezaji alijua. Sote tulijua kwamba anajua. Akavuta pumzi, akasema, “Basi, naufungua,” na akaandika maumivu yake kwenye karatasi bila kunung'unika. Sijui nimwite mkimbizi wa maisha vipi mtu anayeumia kwa makusudi ili tu asiwadanganye wenzake kwa jambo ambalo wangemsamehe.

Nakiri kwamba wachezaji hawafanani. Glenn Blacow, mchezaji wa siku nyingi, aliandika mwaka 1980 kwamba wapo wanaotafuta nguvu kwa mhusika wao, wapo wanaotaka kuishi ndani ya mhusika, wapo wanaopenda mbinu za mapambano, na wapo wanaoifuata hadithi. Ugawaji huo umeboreshwa na kubishaniwa mara nyingi tangu hapo, na mimi binafsi naona watu huhama kutoka fungu moja hadi jingine kati ya chai na chakula. Mimi mwenyewe naanguka katika fungu la kwanza mara nyingi kuliko ninavyopenda watu wajue. Nimewahi kukaa usiku nikitafuta namna ya kuongeza pointi mbili kwenye shabaha ya upinde. Hata hivyo, ukimchunguza mtafuta nguvu utamkuta anatafuta kitu kilekile alichokitafuta mwenzetu darajani. Anataka atakapofanya jambo, ulimwengu utikisike kidogo zaidi.

Ushahidi wangu mkubwa, kwa bahati mbaya, ni aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika mchezo wenye kurasa 40. Ndani yake mfalme mmoja mzee alikuwa auawe kwa sumu katika karamu, kwa sababu kila kilichofuata kilitegemea kifo hicho, na nilikuwa nimekiandikia hotuba nzuri ya kukata roho. Wachezaji wakampenda mfalme. Wakaonja chakula chake kabla yake. Nikasema sumu imo kwenye kikombe. Wakabadilisha kikombe; nikasema imepakwa kwenye leso. Wakamvalisha mtumishi mavazi ya mfalme na kumketisha mahali pake, jambo ambalo hata leo naliona kuwa la kipaji. Nikasema muuaji ameugundua ujanja wao. Mfalme akafa, nikasoma hotuba. Hakuna aliyenitazama. Wawili hawakurudi wiki iliyofuata, na mmoja wao nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: “Ulikuwa unatusomea.” Meza ilikuwa na majoka yote, dadu zote, ramani zilizochorwa kwa wino wa rangi tatu, na hadithi ambayo bado naamini ilikuwa nzuri kuliko ya zimwi. Kilichokosekana ni kimoja tu, na kilipokosekana watu waliondoka.

Nigusie kwa ufupi hofu ambayo makala yenu iliitaja pembeni. Katika miaka ya 1980 huko Marekani wazazi na viongozi wa dini waliituhumu michezo hii kwamba inawafundisha vijana uchawi na kuwasukuma kujidhuru. Kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kiliijadili tuhuma hiyo mwaka 1985, na wachapishaji walifikia hatua ya kuyaondoa majina ya mashetani katika toleo la pili la Dungeons & Dragons, la mwaka 1989. Mzazi anayeuliza mtoto wake anacheza nini yuko sahihi kuuliza, na simcheki. Lakini ninamwomba achukue kitabu chenyewe akisome. Atakuta kwamba ule mpira wa moto wa kutisha, katika toleo la sasa, ni dadu nane za pande sita zinazojumlishwa, wastani wake 28, nusu kwa aliyefanikiwa kukwepa. Uchawi wote uliomo humo ni wa kujumlisha na kutoa.

Wapo pia waliovutwa kwa kutazama. Tangu mwaka 2015 kikundi cha waigizaji wa sauti wa Marekani kiitwacho Critical Role kimekuwa kikirusha vikao vyake hewani, na watu wengi wanaokuja kwenye meza zetu leo walianzia hapo. Nawakaribisha kwa moyo mweupe, ingawa huchukua vikao viwili au vitatu kabla hawajaacha kuigiza kwa ajili ya kamera isiyokuwapo. Kwa kawaida huacha siku ile wanaposema jambo dogo, la kupita tu, kisha wiki mbili baadaye wakalikuta jambo hilo limeota mizizi ndani ya mchezo. Nyuso zao siku hiyo huwa ni za kutazamwa.

Huenda mwandishi wenu akauliza ilikuwaje kwa mama wa zimwi. Kundi lilimpata katika mwezi wa nne, akiwa kikongwe katika pango lililo mbali na barabara. Mkaguzi wetu alikuwa ameandaa hesabu kamili ya fedha anazodai, akamsomea kwa sauti, na kikongwe akasikiliza mpaka mwisho. Hapo mimi nikakwama, kwani sikuwa nimejua atasema nini. Aliyekuwa na dadu kiganjani siku ile ya daraja akaomba ruhusa amsemee, nikampa, naye akasema kwa sauti ya kikongwe: “Sikumtuma ushuru. Nilimwambia anisubiri hapo darajani.” Mkaguzi akaikunja karatasi yake ya hesabu mara mbili, akaiweka chini ya kikombe, akauliza kama kikongwe ana nguvu za kutembea.

Meza yetu sasa ina kiti kimoja kitupu. Mwandishi wenu akipenda kuja anakaribishwa, na safari hii ningemwomba akae badala ya kusimama mlangoni na daftari. Karatasi ya mhusika nitamwandalia. Jina atachagua mwenyewe.

Ndimi msomaji wako,
Msimamizi wa mchezo